Si kila naitrojeni ya hewani ni ileile

Wakulima wa Uholanzi walipoandamana na matrekta mwaka 2019 kupinga mipango ya kupunguza naitrojeni inayotoka kwenye mifugo, kuna hoja iliyopendwa sana: asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, sasa itadhuru vipi msitu? Hesabu ni sahihi, ila gesi siyo. Ile ya asilimia 78 ni atomu mbili zilizoshikana kwa nguvu mno, na mimea mingi haiwezi kuitumia. Inayotua kwenye maeneo ya asili ya Uholanzi, kama misitu ya Veluwe na vinamasi vya De Peel, ni amonia ya mifugo, pamoja na oksidi za naitrojeni za magari na viwanda. Hizo ni mbolea tayari.

Amonia huzaliwa bandani. Mkojo una urea, kinyesi kina kimeng'enya kiitwacho ureasi. Vikikutana sakafuni, gesi huanza kutoka ndani ya saa chache. Ndiyo maana baadhi ya mabanda hutenganisha viwili hivyo mapema, na samadi ya majimaji hudungwa ardhini badala ya kumwagwa juu.

Wala amonia haisubiri mvua ili itue, kama wengi wanavyodhani. Nyingine hunata moja kwa moja kwenye majani ya mimea jirani na banda. Nyingine hugeuka chembe ndogo za chumvi za amonium zinazosafiri mamia ya kilomita.

Vinamasi vinavyotegemea maji ya mvua huvumilia kilo 5 hadi 10 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Wastani wa Uholanzi ni kama kilo 20. Nyasi hufunika vichaka vifupi, udongo wa kichanga huwa na asidi na kupoteza kalsiamu. Huko Veluwe wamekutwa makinda wa ndege wenye miguu iliyovunjika kwa kukosa kalsiamu hiyo.