Distro ya klasta: vitu vingi tunavyoambiana sio kweli

Kila mtu akitaka kujenga klasta (kompyuta nyingi, yaani nodi, zilizounganishwa zifanye kazi nzito pamoja) anaanza na swali moja, distro (aina ya Linux, kama Rocky au Ubuntu) ipi ina spidi, na hapo ndo tunapotea mapema kabisa.

"Distro nyepesi inamaliza jobu haraka"
Hapana. Zote ni Linux tu, na jobu nzito (kazi unayoipa klasta) muda wake unaliwa na prosesa, memori na netiweki. Ukilinki programu yako na BLAS ya kawaida (maktaba ya hesabu za matriksi) ukaiacha OpenBLAS iliyoboreshwa kwa spidi, utapoteza muda kuliko tofauti yoyote ya distro, na hilo unalirekebisha popote ulipo.

"Chukua kaneli mpya kuliko zote"
Hii ndo inaumiza watu. Rocky Linux ni distro ya bure inayojengwa kufuata Linux ya Red Hat. Rocky Linux 8 ina kaneli (kiini cha mfumo) 4.18 na Rocky 9 ina 5.14, mtu akiziona anasema za kizamani, kumbe Red Hat anaendelea kuzitia viraka vya usalama (na madraiva mapya pia katika miaka ya mwanzo ya toleo) humo humo bila kubadilisha namba, na kwenye klasta huo utulivu ni mali kwa sababu moduli za Lustre (mfumo wa faili wa pamoja), InfiniBand (netiweki ya kasi) na GPU zinajengwa kwa kaneli fulani. Chukulia umepiga `dnf update` (amri ya kuapdeti) kwenye nodi usiku ukaribuuti. Asubuhi nodi iko hewani, ssh inaingia vizuri, ila /scratch, folda la Lustre la data za jobu, ni tupu, ukijaribu kupakia moduli unajibiwa `modprobe: FATAL: Module lustre not found`, na huku Slurm, programu inayogawa jobu, inaendelea kutuma jobu kwenye hiyo nodi na kila ikifika inakufa. Nawaomba sana, fungeni kaneli kwa versionlock (plagini ya dnf inayozuia toleo kubadilika), apdeti ianzie nodi moja ya majaribio, ikipona ndo ziende zote.

"Programu mpya haiwezi kukaa kwenye distro ya zamani"
Ukweli nusu. Rocky 8 ina glibc 2.28 (maktaba ya msingi ambayo karibu programu zote zinaitegemea), kwa hiyo faili lililojengwa kwenye Rocky 9 linaweza kugoma na kukuambia `GLIBC_2.34 not found`. Ndo maana nodi ya kuingilia na nodi za kazi ziwe toleo moja, watu wanakompaili huku halafu jobu inakimbia kule. Kompaila mpya unaipata kwa Spack au EasyBuild (zana za kujenga programu kwenye klasta), na kinachogoma kabisa kiweke kwenye kontena ya Apptainer (kifurushi chenye programu na maktaba zake). Ila kontena inatumia kaneli ya nodi, kwa hiyo draiva mbovu haitaponea humo.

"Ya bure ni ya bure, haina cha kuangalia"
Waliokuwa na CentOS 8, distro ya bure ya familia ya Red Hat, wanajua. Walipangia mpaka 2029, Desemba 2020 ikatangazwa mwisho ni 31 Desemba 2021, yaani mwaka mmoja tu wa kuhama na mashine zinafanya kazi za watu, wakati CentOS 7 iliyo nzee zaidi ikaendelea mpaka 30 Juni 2024. Rocky na AlmaLinux zilitoka 2021 kuziba hilo pengo. Kabla hujasanikisha chochote angalia tarehe ya mwisho wa sapoti: Rocky 9 inaenda mpaka 2032, Ubuntu LTS (toleo la sapoti ndefu) kwa kawaida ni miaka 5.

"Nje ya familia ya Red Hat hamna klasta ya maana"
Frontier, kompyuta kubwa pale maabara ya Oak Ridge Marekani, inatumia mfumo wa HPE uliojengwa juu ya SUSE. Ubuntu nayo iko kwenye mashine nyingi za GPU, na kama timu yako imezoea apt (zana ya Ubuntu ya kusanikisha programu) na vendor wa netiweki yako anatoa draiva za toleo hilo, chukua Ubuntu bila wasiwasi.