Taimushea za hoteli za Disney: tunayoambiana vijiweni Mtwara na ukweli wake

Msimu wa korosho ukifika na malipo ya mnada yakishaingia kwenye akaunti, Mtwara hupata washauri wengi kwa mkupuo. Wapo wa viwanja, wapo wa bodaboda za mkopo, na siku hizi wapo ndugu zetu walioko Marekani wanaorusha video za hoteli za Disney, kampuni ya Marekani yenye bustani za burudani, kule Florida: "Mjomba, na wewe chukua sehemu, hii ni mali." Mali yenyewe ni taimushea, yaani watu wengi wanalipia nyumba moja ya mapumziko na kila mmoja anapata muda wake wa kukaa kila mwaka. Hoja zinazotolewa kuitetea nimezisikia kuanzia Shangani hadi Mikindani, na nyingi zimepinda.

"Unanunua chumba, kinakuwa chako."

Hakiwi chako. Katika mpango wa Disney, ulioanza mwaka 1991, unachopata ni pointi kadhaa kila mwaka, nawe unazitumia kulipia siku za kulala. Mkataba unasajiliwa serikalini kama hati ya mali isiyohamishika, na hapo ndipo watu wanapopotea. Ardhi inabaki kuwa ya Disney, na haki ya mnunuzi ina mwisho. Mikataba ya hoteli za mwanzo, kama BoardWalk na Beach Club, inaisha tarehe 31 Januari 2042. Siku hiyo haitauliza kama ulinunua zamani au juzi. Haki yako inakoma na jengo linabaki kwa mwenye ardhi.

Kwetu pia ardhi ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, na hati tunapewa kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo mtu wa Mtwara hapaswi kushtuka akisikia kwamba umiliki una tarehe ya mwisho. Ila mwenye hati ya kiwanja Chuno anajenga, anapangisha wapangaji, anaweka rehani benki, na muda ukikaribia kwisha anaweza kuomba uongezwe. Mwenye pointi hana hata ukuta wa kupigilia msumari wa kalenda.

Hata kulala kwenyewe kuna foleni. Hoteli uliyonunulia unaweza kuweka nafasi kuanzia miezi 11 kabla ya safari, nyingine za mpango huohuo kuanzia miezi 7. Wiki ya Krismasi inakula pointi nyingi kuliko wiki ya kawaida ya Septemba. Ukichelewa, unachukua kilichobaki.

"Ukishalipa umemaliza, kuanzia hapo unalala bure."

Hii ndiyo inayoumiza watu kuliko zote. Kuna ada ya kila mwaka ya kuendesha jengo: usafi, ukarabati, bima, kodi ya majengo, mishahara. Unailipa uende usiende, na mara nyingi inapanda kadiri miaka inavyokwenda. Chukua mfano wa mwenye pointi 150 kwenye hoteli inayotoza dola 8 kwa pointi. Hiyo ni dola 1,200 kwa mwaka. Dola moja ikiwa shilingi 2,500, ni milioni 3 kamili. Mnadani kilo ya korosho ikienda kwa 3,000, hapo umetoa tani nzima kwa ajili ya ada tu. Bado nauli ya ndege, viza, na tiketi za kuingilia bustani ya burudani, maana pointi hizo zinalipia malazi na si mabembea. Mwaka ambao mikorosho imepigwa na ugonjwa wa ubwiriunga, bili inakuja ileile.

Ukiacha kulipa, unadaiwa, na kampuni inaweza kuichukua sehemu yako kisheria.

"Ni uwekezaji. Ukichoka unauza kwa faida."

Taimushea nyingi duniani zikirudi sokoni zinapoteza sehemu kubwa ya bei yake, na zipo zinazotangazwa kwa dola 1 ili mwenye nayo aondokane na ada. Za Disney zinashika bei vizuri zaidi, hilo nawapa haki yao. Lakini Disney ina haki ya kununua kwanza kabla ya mtu uliyempata wewe, na anayenunua mkononi mwa mwenye nayo hapati kila anachopata anayenunua kwa kampuni, masharti yaliyokazwa zaidi Januari 2019. Mfano, aliyenunua hivyo sehemu ya Riviera, hoteli iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka huo, analala Riviera tu. Hoteli nyingine za mpango hawezi kuzitumia kwa pointi zake. Dalali wa Mtwara anaelewa mara moja masharti kama hayo yanaifanya nini bei ya kuuzia.

"Wanaongeza hoteli kwa sababu wageni wanakosa pa kulala."

Wageni ni wengi, kweli, lakini sababu nzito ni kwamba kampuni inataka hela ya malazi isitoke nje ya geti lake. Disneyland ya California ilipofunguliwa 1955, Walt Disney alikuwa na ardhi ndogo, na moteli za watu wengine zikaota pande zote na kuvuna wageni wake. Hata hoteli yenye jina la Disneyland ilijengwa na mfanyabiashara mwingine. Kampuni iliinunua mwaka 1988. Kule Florida Walt hakurudia kosa hilo. Alinunua kimyakimya takriban ekari 27,000, na bustani ilipofunguliwa Oktoba 1971 hoteli mbili za kampuni, Contemporary na Polynesian, zilikuwa ndani ya eneo. Washindani nao wamejifunza: kampuni ya Universal walipofungua bustani yao mpya ya Epic Universe huko Orlando Mei 2025, ilikuja na hoteli tatu zenye vyumba 2,000 kwa jumla.

Sasa weka taimushea hapo. Hoteli ya kawaida inajengwa kwa mtaji, kisha unasubiri mgeni mmoja mmoja arudishe hela. Ukiuza pointi, wanunuzi wanakurudishia gharama ya ujenzi mapema, kisha wanalipia ukarabati kila mwaka, na wamefungwa kurudi kwako kununua tiketi na chakula. Ndiyo maana wakati mwingine haijengwi hata hoteli mpya: mwaka 2022 jengo moja la vyumba vya kawaida pale Grand Floridian, hoteli ya Disney, liligeuzwa kuwa la wenye pointi. Kama biashara, mimi navua kofia. Kama mteja, ningependa nijue niko upande gani wa meza.

"Semina ya kuuzia taimushea ni bure, unasikiliza tu na zawadi unapewa."

Zawadi ipo. Wewe ndiye unayeuzwa, na saa mbili zinakuwa nne. La maana kulijua: Florida inampa mnunuzi siku 10 za kufuta mkataba bila adhabu, na nchi za Umoja wa Ulaya siku 14. Barua ya kufuta iwe ya maandishi. Baada ya hapo ndipo wanapojitokeza wanaodai watakutoa kwenye mkataba ukiwatangulizia hela. Wengi wao ni matapeli.

"Bustani kama hizo zinakuja kusini, wahi ufukwe wa Msimbati."

Maneno haya yanafuata njia ileile ya miaka ya gesi, pale nyumba za kupanga na viwanja vilipopanda bei kila mtu akisubiri wageni, kisha mwaka 2015 gesi ikaanza kwenda Dar es Salaam kwa bomba. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo ujenzi wa ufukweni una masharti yake. Na sehemu kubwa ya ardhi za pembeni ni ya vijiji: mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli, si mtu mmoja mwenye muhuri mfukoni. Anayekuuzia "sehemu ya hoteli" ambayo haijachimbwa hata msingi, mwambie akuonyeshe hati, kisha mwende wote ofisi ya ardhi ya halmashauri. Akisema yuko safarini, subiri arudi.