Lita za saa nane mchana

Kazi yangu ni mita za mafuta hapa Mombasa: kuzifunga, kuzihakiki, na kubishana na watu wanaoziamini kupita kiasi. Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: mita inasoma lita, ofisi inataka kilo, nifanyeje? Jibu lenyewe ni fupi. Zidisha kwa densiti, yaani kilo zilizomo katika kila lita. Lita kwa dakika ukizizidisha kwa kilo kwa lita, unapata kilo kwa dakika. Gawanya kwa 60 upate kilo kwa sekunde. Pampu ya kituoni ikitoa lita 40 kwa dakika, na densiti ya petroli ni 0.73, basi inatoa kilo 29.2 kwa dakika, karibu nusu kilo kila sekunde.

Wengi hufunga daftari hapo. Mimi pia nilifunga, ikanitokea puani.

Tulikuwa tunahamisha petroli kutoka tangi moja hadi jingine, kwenye depo fulani kule Shimanzi. Mita ilikuwa ya tabaini, ile yenye panga ndogo zinazozungushwa na mafuta, nayo huhesabu ujazo tu. Ilikaa kwenye mita za ujazo 120 kwa saa, saa kumi mfululizo, jumla 1,200. Karatasi ya maabara iliandika densiti 745, yaani kilo 745 kwa kila mita ya ujazo. Nikazidisha, nikapata kilo 894,000, nikatia sahihi. Waliopokea wakapima tangi lao, wakaleta 876,600. Mzee aliyetusimamia akazitazama karatasi zote mbili, akavua miwani.

"Kijana, tani kumi na saba kazinywa nani?"

Malori yakazuiwa getini. Valvu zikakaguliwa moja moja, na mimi nikawa natazamwa kama mtu aliyechimbia bomba nyumbani kwake.

Hakuna aliyekunywa. Ile 745 ilikuwa densiti ya nyuzi 15, joto ambalo karatasi za maabara hurejelea ili petroli ya huku na ya kwingine zilinganishwe. Mafuta yaliyokuwa yakipita kwenye bomba letu, jua la saa nane likiwa juu yake, yalikuwa nyuzi 31. Petroli ya aina hiyo hutanuka kwa takriban asilimia 0.12 kila joto likipanda nyuzi moja, kwa hiyo nyuzi 16 zinakaribia asilimia 2. Tungamo, yaani zile kilo zenyewe, haliongezeki, ila linajaza nafasi kubwa zaidi, na densiti inashuka hadi 730.5. Sasa zidisha upya: 120 mara 730.5 ni kilo 87,660 kwa saa. Gawanya kwa 3,600, ni kilo 24.35 kwa sekunde. Kwa saa kumi ni 876,600, sawasawa na walivyosema wenzetu.

Nilichanganya lita za joto na densiti ya baridi, basi. Unaweza kuishusha densiti hadi joto la bomba, kama nilivyofanya hapo juu. Au unaweza kuzirudisha lita kwenye nyuzi 15 kwa kuzizidisha na namba ya jedwali la 54B, lile la kusahihisha ujazo wa mafuta kulingana na joto, ambayo hapa ni 0.9805, kisha ndipo utumie 745. Jibu ni lilelile. Wenye mita za Coriolis hawana shida hii, kwa sababu mirija yake hutetemeshwa na kupima tungamo moja kwa moja. Lakini bei yake inamfanya mwenye depo akohoe.

Densiti nayo ina adabu zake. Chukua sampuli karibu na mita, si juu ya tangi. Imimine polepole ukutani mwa silinda ya kioo, kivulini, mbali na upepo, maana ile sehemu nyepesi ya petroli huruka haraka na kinachobaki ni kizito kuliko ulichochota. Iache haidromita, kile kipimo cha densiti kinachoelea, itulie bila kugusa ukingo, inama jicho liwe sawa na uso wa mafuta, usome pale uso unapokata kipimo. Kipimajoto kisomwe kabla na baada. Kama nyuzi zimehama, mwaga, anza tena. Na usiniletee joto la kile kipimajoto cha ukutani ofisini. Hicho kinapima feni.

Mafundi wa injini nao wanaihitaji hesabu hii. Injini ya petroli huchoma vizuri kwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, kilo kwa kilo. Injekta iliyoandikwa mililita 300 kwa dakika inatoa takriban gramu 219 kwa dakika kwenye joto letu, na hizo gramu ndizo za kulinganisha na hewa.

Najua dereva wa tuktuk atauliza: kwa hiyo nijaze alfajiri, kabla ya jua? Tangi la kituo limezikwa ardhini, joto lake kati ya alfajiri na mchana halisogei sana. Hata tuseme limesogea nyuzi tatu, mwenye gari anayejaza lita 40 angepata zaidi kwa sentilita 14 hivi: finjani tatu za kahawa chungu.