Nyonga inauma? Usikimbilie kujinyoosha

Dhana kuu: "Misuli imekaza, inahitaji kunyooshwa."

Mkimbiaji akihisi nyonga inavuta, utamkuta ameshaweka mguu juu ya ukuta. Lakini msuli unaohisi umekaza si lazima uwe umefupika. Mara nyingi umechoka, au hauna nguvu ya kutosha kwa kazi unayoupa. Na kama maumivu yako upande wa nje, pale kwenye mfupa unaougusa ukilala ubavu, mara nyingi shida iko kwenye kano za misuli ya makalio, yaani nyuzi zinazoshikiza misuli hiyo kwenye mfupa. Kano hizo huuma zikibanwa juu ya mfupa, na kuvuta mguu ukatize mbele ya mwili huzibana hivyo hivyo. Kukunja nne ukiketi, au kuegemea mguu mmoja ukiwa umesimama, ni yale yale. Usiku weka mto katikati ya magoti.

Hapo dawa ni nguvu. Simama kwa mguu mmoja mbele ya kioo. Je, kiuno cha upande wa pili kinashuka? Basi umeipata kazi yako. Lala chali, kunja magoti, inua makalio, tulia kidogo, shusha polepole. Ikizoeleka, tumia mguu mmoja. Kano hazina haraka: hesabu wiki 8 hadi 12.

"Pumzika kabisa mpaka yaishe." Nusu ya kweli. Punguza umbali, kasi na vilima, ila usikae tu. Maumivu madogo yanayotulia kufikia asubuhi kwa kawaida huvumilika. Yakizidi kesho yake, ulipitiliza.

"Maumivu ya baada ya mazoezi ni asidi ya laktiki." Hiyo, inayotengenezwa na misuli ikifanya kazi ngumu, huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi. Uchungu unaokuja baadaye, na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72, unatokana na misuli iliyofanya kazi isiyoizoea.

"Meza kidonge, kimbia." Hapa sina mzaha. Maumivu ya ndani ya kinena yanayoongezeka kadiri unavyokimbia, yanayokuchoma ukiruka kwa mguu huo, au yanayokuamsha usiku, yanaweza kuwa ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, sehemu nyembamba ya mfupa huo karibu na nyonga. Kidonge kitauficha, nao ufa ukiachwa unaweza kuwa mvunjiko kamili. Acha kukimbia, nenda kwa daktari. Eksirei ya siku za mwanzo ikiwa safi na bado unaumia, mwambie hivyo, aamue kama unahitaji kipimo kingine.