Nani Anaiongoza Simu Yako Baada ya Kuilipia?

Mnunuzi anayeingia dukani kutafuta simu janja, televisheni au printa huuliza bei, ukubwa wa kumbukumbu na muda wa dhamana, na ni haki yake kuuliza hayo. Kuna swali jingine ambalo halisikiki sana katika maduka ya Kariakoo wala ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, nalo lina uzito kuliko yote matatu: fedha zikishapokelewa na risiti ikishaandikwa, ni nani anayebaki na uwezo wa kubadilisha namna kifaa hicho kinavyofanya kazi?

Redio ya zamani ilitoka kiwandani ikiwa imekamilika. Aliyeitengeneza hakuweza kuigusa tena, na ikiharibika ilikuwa kazi ya fundi wa mtaani. Kifaa cha leo kinachounganishwa na intaneti hakikamiliki namna hiyo, kwa sababu kampuni huendelea kukiletea masasisho ya programu, mara nyingi usiku mwenyewe akiwa amelala. Masasisho hayo yana faida kubwa, kwani huziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huipitia, na ninamsihi kila msomaji asiyakatae. Hata hivyo, uwezo unaotumika kuziba mwanya ndio huohuo unaoweza kutumika kupunguza kasi ya simu, kukataa wino wa kampuni nyingine au kukusanya habari za nyumbani kwako, na yote haya yamekwisha kutendeka.

Tukio linalofundisha zaidi ni la betri za iPhone. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikitunzwa vizuri: kila inapochajiwa na kuisha, uwezo wake wa kuhifadhi umeme hupungua na ukinzani wake wa ndani huongezeka. Prosesa, yaani ubongo wa simu, inapohitaji umeme mwingi kwa ghafla, kwa mfano kamera inapofunguliwa, betri iliyochoka hushindwa kuutoa kwa nguvu inayotakiwa, na simu huzimika ingawa kioo kinaonyesha kwamba chaji bado ipo. Wamiliki wengi wa iPhone 6 na 6s walikumbwa na hali hiyo mwaka 2016. Januari 2017 Apple, mtengenezaji wa iPhone, ilitoa sasisho la iOS 10.2.1, toleo la mfumo unaoendesha simu hizo, ambalo lilipunguza kasi ya prosesa kwenye simu zenye betri dhaifu, na kuzimika huko kukapungua kweli. Kilichokosekana ni taarifa. Mwenye simu hakuelezwa kwamba kasi yake imepunguzwa, wala kwamba betri mpya ingeirudisha.

Siri hiyo ilidumu karibu mwaka mzima. Desemba 2017, John Poole wa kampuni ya Primate Labs, inayotengeneza programu ya kupima kasi ya vifaa, alichapisha vipimo vya simu nyingi za iPhone 6s na iPhone 7. Kwa kawaida simu za aina moja hupata alama zinazokaribiana; katika vipimo hivyo alama zilijikusanya katika ngazi kadhaa zilizoshuka, jambo ambalo uchakavu wa kawaida hauwezi kulieleza. Siku chache baadaye Apple ilikiri, na tarehe 28 Desemba ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Mwaka uliofuata iliongeza ukurasa unaomwonyesha mtumiaji afya ya betri yake na kumruhusu kuzima upunguzaji wa kasi. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaeleza wateja, na mwaka huohuo kampuni hiyo ilikubali nchini Marekani kulipa hadi dola milioni 500 katika shauri la watumiaji na dola milioni 113 kwa majimbo zaidi ya 30, bila kukiri kosa.

Ninakaa kwenye mkasa huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba unatenganisha uvumi na ushahidi. Kwa miaka mingi watu walisema kwamba kampuni za simu huziharibu simu za zamani kwa makusudi ili ziuze mpya. Kilichothibitishwa ni kidogo kuliko maneno hayo: uamuzi wa kiufundi wenye sababu inayoeleweka, uliofichwa mbele ya wale waliohusika. Lakini kufichwa huko hakukuwa jambo dogo, kwa sababu mtu anayeona simu yake imekuwa nzito, asijue kwamba tatizo ni betri, atahitimisha kwamba simu imezeeka na atakwenda kununua nyingine. Sababu ya pili ni barua ya Tim Cook, mkuu wa Apple, kwa wawekezaji tarehe 2 Januari 2019. Akieleza kwa nini mapato yangekuwa chini ya matarajio, alitaja miongoni mwa sababu kwamba baadhi ya wateja walitumia nafasi ya betri za bei nafuu na hawakubadilisha simu. Kwa maneno mengine, walipopewa taarifa na bei ya haki, baadhi yao waliona kwamba simu waliyonayo inawatosha. Sijui ushahidi wa wazi zaidi ya huo wa thamani ya kumwambia mteja ukweli.

Apple haikuwa peke yake. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliiadhibu pamoja na Samsung, ambayo ilitozwa euro milioni 5 kwa kuwahimiza wenye Galaxy Note 4 kuweka sasisho lililoandaliwa kwa simu mpya zaidi, bila kuwaonya kwamba simu zao zingelemewa.

Wenye steshenari watalielewa haraka zaidi suala la printa, kwa kuwa wino ndio gharama inayokula faida yao. Septemba 2016 printa kadhaa za HP zilizokuwa zikitumia katriji za watengenezaji wengine bila shida ziliamka siku moja zikizikataa. Hakuna kilichoharibika ndani yake. Maagizo ya kuzikataa yalikuwa yamewekwa kwenye programu ya printa. HP iliomba radhi kwa namna ilivyowasiliana na wateja na kutoa njia ya kuondoa kizuizi hicho kwa baadhi ya printa, lakini haikuacha utaratibu wenyewe, na Desemba 2020 Italia iliitoza faini ya euro milioni 10 kwa kutowafahamisha wanunuzi ipasavyo. Printa ya bei ndogo inayomfunga mnunuzi kwenye wino wa bei kubwa si rahisi hata kidogo, na anayechapa kwa biashara apige hesabu ya gharama kwa kila ukurasa kabla ya kuvutiwa na bei iliyobandikwa kwenye boksi.

Televisheni nazo zina mkasa wake. Februari 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo na jimbo la New Jersey kuishtaki kwamba tangu mwaka 2014 ilirekodi, sekunde kwa sekunde, kilichoonyeshwa kwenye televisheni milioni 11, kisha ikauza taarifa hizo kwa wengine. Iwe picha imetoka kwenye king'amuzi, kwenye deki ya DVD au kwenye intaneti, televisheni ilichukua sehemu ya picha hiyo na kuilinganisha na hifadhi ya vipindi. Aliyekaa sebuleni alidhani ndiye mtazamaji, kumbe naye alikuwa akitazamwa. Teknolojia hiyo bado imo katika televisheni janja za kampuni nyingi, na mara nyingi huruhusiwa pale mnunuzi anapobonyeza neno la kukubali masharti siku ya kwanza bila kusoma. Inawezekana kuizima katika mipangilio ya faragha, na inafaa kuitafuta leo hii.

Wakati mwingine kampuni haibadilishi kifaa, inakiua tu. Revolv kilikuwa kisanduku cha dola 299 cha kuongoza taa na vifaa vya nyumbani, kilichouzwa kwa ahadi ya huduma ya maisha. Kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya Google, iliinunua Revolv mwaka 2014, na tarehe 15 Mei 2016 seva, yaani kompyuta za kampuni zilizokiendesha kisanduku hicho kupitia intaneti, zikazimwa na visanduku vikabaki bila kazi. Kifaa cha akili bandia cha kubandika kifuani, cha kampuni ya Humane, kiliingia sokoni Aprili 2024 kwa dola 699 pamoja na ada ya dola 24 kila mwezi. Tarehe 28 Februari 2025 huduma yake ilikoma baada ya HP kununua sehemu kubwa ya mali za kampuni hiyo kwa dola milioni 116. Kwa hiyo saa, kamera ya ulinzi au kufuli la mlango lisilofanya kazi bila seva ya kampuni linapaswa kuhesabiwa kuwa ni kitu cha kukodi, hata kama muuzaji anaandika kwenye risiti kwamba limeuzwa.

Barani kwetu hatari hukaa zaidi kwenye simu za bei ya chini. Agosti 2020 watafiti wa kampuni ya Upstream walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia na Ghana, zilikutwa na programu hasidi ziitwazo Triada na xHelper, ambazo zilijaribu kuwaunganisha watumiaji na huduma za kulipia bila ridhaa yao. Transsion, mmiliki wa Tecno, ilisema kwamba tatizo hilo lilitokana na mtoa huduma katika mnyororo wa ugavi na kwamba marekebisho yalikuwa yametolewa. Kwa mtu anayenunua vocha kidogo kidogo, salio linaloliwa na programu ambayo hakuiweka ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ripoti.

Zipo pia simu za mkopo, kama zile za mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ambao Safaricom na Google waliuanzisha nchini Kenya mwaka 2020 kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku. Asipolipa mteja, simu hufungwa kutoka mbali. Wapo wanaoliweka jambo hili kundi moja na mkasa wa betri, nami sikubaliani nao. Mkopaji ameelezwa tangu mwanzo kwamba mkopeshaji ana uwezo wa kuifunga simu, lini atautumia na lini utaondoka. Anachopaswa kukisimamia ni kwamba deni likiisha, programu ya kufunga iondolewe kabisa, na kwamba ajue kwa maandishi ni taarifa zake zipi zilizosomwa muda wote huo.

Basi dukani, muuzaji aulizwe simu hii itapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani, betri na kioo vinaweza kubadilishwa na fundi yeyote au ni wa kampuni tu, na kifaa kinafanya nini intaneti ikikatika. Anayenunua simu iliyotumika kutoka Dubai au Uingereza aulize swali la kwanza kwa mkazo zaidi, kwa sababu miaka ya masasisho huhesabiwa tangu simu ilipotoka na si tangu alipoinunua yeye. Google ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023 iliahidi miaka 7, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Simu nyingi za bei ya chini hazitaji muda wowote, na ukimya huo uchukuliwe kuwa ni jibu.

Haitoshi, hata hivyo, kumwachia mnunuzi peke yake mzigo wa kuuliza. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 inamlazimisha mtengenezaji wa vifaa vinavyounganishwa na intaneti kutaja muda wa chini wa masasisho ya usalama, na Umoja wa Ulaya tangu tarehe 20 Juni 2025 unataka simu mpya zipewe masasisho kwa angalau miaka 5 tangu mtindo huo unapoacha kuuzwa. Kampuni zinazotii masharti hayo ndizo zinazotuuzia simu sisi, mara nyingine za mtindo uleule. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Walaji ya mwaka 2012, na zote mbili zinakataza kumpotosha mnunuzi. Hatua inayofuata, ambayo wasimamizi wetu wa mawasiliano na ushindani wanaweza kuidai bila kumgharimu mlaji hata senti moja, ni tarehe ya mwisho ya masasisho ichapwe nje ya boksi, kwa Kiswahili, karibu na bei.