Mmweko wa Ghafla Angani: Kwa Nini Ninauliza Saa Kabla ya Rangi

Watu wa Dar es Salaam wanaoniandikia kuhusu mwanga wa ajabu walioona angani usiku huanza karibu wote na sura yake: ulikuwa mweupe, ulikuwa na ubluu kidogo, ulikuwa mkali kuliko Zuhura, ukazimika kabla hawajamwita mwenzao atazame. Maelezo hayo nayasoma kwa makini, lakini kwa miaka ambayo nimefanya kazi ya kufuatilia njia za setilaiti nimeona kwamba peke yake hayafiki mbali, kwa kuwa setilaiti, kipande cha roketi iliyokufa, kimondo na hata ndege inayokata kona vinaweza kutoa mmweko ambao jicho haliwezi kuutofautisha. Kinachovitenganisha ni saa uliyotokea na upande wa anga ulikotokea. Kwa sisi tunaoishi nyuzi 6.8 tu kusini mwa Ikweta, saa ndiyo yenye uzito zaidi, na ningependa kueleza sababu yake.

Setilaiti haiwashi taa ya kuonekana kutoka chini. Tunachokiona ni mwanga wa Jua uliogonga paneli ya sola, antena bapa au ubavu wa chuma na kurudishwa kuelekea duniani. Sehemu bapa ikipata pembe inayofaa kati ya Jua na jicho lako, mwanga huongezeka ghafla mara mia au zaidi, kisha hupotea pembe ikibadilika; ni kama bati jipya la nyumba ya bondeni linavyomulika ukilitazama kutoka vilima vya Pugu, nawe ukisogea hatua chache halimuliki tena. Sharti la pili ni kwamba setilaiti yenyewe iwe bado kwenye mwanga wa Jua, yaani iwe nje ya kivuli cha Dunia. Hilo ndilo sharti linaloipa saa nguvu yake.

Tuchukue setilaiti iliyo kilomita 550 juu, urefu ambao setilaiti nyingi za Starlink, mtandao wa intaneti wa angani, ziliwekwa. Hesabu ya pembetatu inaonyesha kwamba ikiwa utosini kwako, itaendelea kuangaziwa hadi Jua lishuke takriban nyuzi 23 chini ya upeo wa macho. Katika nchi za kaskazini ya mbali, majira ya joto, Jua huteleza kwa mshazari chini ya upeo na pengine halifikii kina hicho usiku kucha, ndiyo maana watazamaji wa huko huona setilaiti hata usiku wa manane. Kwetu Jua huzama karibu wima, kwa kasi ya nyuzi 14 hadi 15 kwa saa. Kwa hiyo saa moja na nusu hivi baada ya machweo, au zaidi kidogo, anga ya utosini huwa imefungwa kwa setilaiti zote za urefu huo na zilizo chini yake. Dar es Salaam Jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika hamsini kutegemea mwezi, hivyo mmweko wa utosini ulioonekana saa moja na nusu jioni unaweza kabisa kuwa setilaiti ya chini, ilhali ule ulioonekana saa tano usiku mahali hapo hapo hauwezi. Msomaji anayekumbuka saa amekwisha kunipunguzia nusu ya kazi.

Mambo ni tofauti ukitazama chini karibu na upeo. Setilaiti iliyo mbali upande wa magharibi, juu ya nchi ambako usiku haujaingia sana, bado ina Jua, na Jua likiwa takriban nyuzi 40 chini ya upeo, sehemu za chini za setilaiti za Starlink huweza kurudisha mwanga moja kwa moja kuelekea kwetu. Hapa tunazungumzia muda wa kati ya saa tatu kasoro dakika chache na saa nne kasorobo usiku, chini kabisa magharibi, karibu na mahali Jua lilipozamia. Mtazamaji huona nukta ikichomoza mahali pasipo na nyota, ikawa kali kwa sekunde kadhaa, ikafifia, na muda si mrefu nyingine ikafanya vivyo hivyo pale pale. Kurudia huko ndiko kunakowatia watu hofu, kwa kuwa inaonekana kana kwamba kitu kimoja kinakaa na kuwaka na kuzima, kumbe ni setilaiti tofauti zinazopita kwa zamu kwenye kona moja ya anga yenye pembe inayofaa. Marubani wa masafa marefu wameyaripoti haya mara nyingi kama vyombo visivyojulikana. Jambo hilo hilo hutokea upande wa mashariki kabla ya mapambazuko, kwenye saa tisa na nusu usiku hivi, na kwa kuwa mashariki yetu ni bahari isiyo na taa za mji, wavuvi wa Kunduchi na Kigamboni wana nafasi nzuri ya kuyaona kuliko mtu aliye Kariakoo.

Vipande vya roketi na setilaiti zilizokufa vina tabia nyingine. Visipoongozwa na mtu hubingirika, na kila mzunguko hutoa mmweko, kwa mpigo ulio sawasawa, ama wa chini ya sekunde moja ama wa makumi ya sekunde, huku kitu kikisonga mbele kati ya nyota. Ukiona mimweko miwili au mitatu iliyopangana kwenye mstari mmoja, hesabu sekunde kati yake. Namba hiyo ni karibu sawa na alama ya kidole. Kuna hata setilaiti iliyotengenezwa makusudi kumeremeta: Ajisai ya Japani, iliyorushwa mwaka 1986, tufe la kipenyo cha mita 2 na zaidi lililofunikwa vioo, ambalo huzunguka kwenye urefu wa karibu kilomita 1,500. Kwa sababu ya urefu huo, Ajisai hubaki na Jua utosini kwetu hadi zaidi ya saa mbili baada ya machweo.

Wapo wanaonitajia Iridium. Setilaiti za kwanza za mtandao huo wa simu, zilizorushwa kuanzia mwaka 1997, zilikuwa na antena tatu kubwa zilizong'aa kama kioo, na mimweko yake mikali zaidi ilizidi mwangaza wa Zuhura mara nyingi, tena ikitabirika kwa sekunde. Nyingi zilishushwa kati ya mwaka 2017 na 2019, na zilizochukua nafasi yake hazina antena za aina hiyo, kwa hiyo jibu hilo lililokuwa jepesi zamani sasa linafaa mara chache mno.

Basi mmweko wa saa sita usiku, utosini? Kuna kundi moja la setilaiti linalobaki, nalo kwa mkazi wa Dar es Salaam lina mvuto wa pekee. Ni zile za mawasiliano na matangazo ya televisheni zilizo kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Kutoka kwetu mkanda wake hupita karibu utosini, ukiegemea kaskazini kidogo. Karibu na tarehe za usiku na mchana kulingana, Machi na Septemba, kila moja huingia kwenye kivuli cha Dunia usiku na kukaa humo hadi dakika 70 hivi, na muda mfupi kabla ya kuingia au baada ya kutoka paneli zake huweza kutulenga moja kwa moja. Mwangaza wake hupanda taratibu kwa dakika kadhaa kisha kushuka, bila kitu kusogea angani kama setilaiti nyingine. Mara nyingi huhitaji darubini ndogo ya macho mawili, ila mara chache hufikia kiwango cha jicho tupu kwa mtu aliye nje ya taa za mji. Septemba ndiyo ya kutegemea, maana mwisho wa Machi masika huwa yamekwisha kuleta mawingu.

Mmweko wa utosini uliodumu chini ya sekunde moja, usiosogea hata kidogo, kwa kawaida nauweka kwenye hesabu ya vimondo. Kimondo kinachokuja moja kwa moja kuelekea macho yako hakichori mstari. Huonekana kama nyota iliyowaka na kuzimika. Dalili yake ni kutokea karibu na kitovu ambako mvua ya vimondo inaonekana kutoka: usiku wa kuamkia Desemba 14, upande wa kaskazini kwenye kundinyota la Mapacha, au alfajiri za mwanzoni mwa Mei upande wa mashariki, wakati Dunia inapopita kwenye vumbi la nyota-mkia ya Halley na chembe zake zikiingia angani kwa kasi ya kilomita 66 kwa sekunde.

Ndege sitakaa nazo sana. Taa za kutua za ndege inayoelekea Uwanja wa Julius Nyerere au Zanzibar huweza kuonekana zimesimama angani kwa dakika nzima zikikulenga, kisha zikatoweka ndege inapogeuka. Radi pia: dhoruba iliyo baharini zaidi ya kilomita 200 humulika mawingu yake ya juu, lakini ngurumo yake haitufikii.

Linabaki swali ambalo wengi hulitamani kuwa jibu, kwamba huenda nyota imelipuka. Miaka ya 1984 na 1985 watazamaji wa Kanada waliona mimweko karibu na kundinyota la Perseus, mmoja ukapigwa picha Machi 19, 1985, na majarida ya kisayansi yakajadili chanzo kipya cha mbinguni. Mwaka 1987 ikaonyeshwa kwamba zilikuwa setilaiti. Mmweko ulionaswa na darubini ya Keck huko Hawaii mwaka 2017, kwenye uelekeo wa galaksi ya mbali mno ya GN-z11, mwaka 2021 wataalamu wengine walionyesha kwamba kipande cha roketi ya Proton kilikuwa kikipita hapo hapo wakati ule ule. Hata hivyo mmweko wa kweli wa mbali umewahi kufikia macho ya binadamu, angalau kwa kipimo: Machi 19, 2008, mlipuko uliopewa jina GRB 080319B ulikuwa mkali kiasi cha kuonekana bila darubini kwa nusu dakika hivi, ingawa mwanga wake ulisafiri miaka bilioni 7.5. Dar es Salaam ilikuwa saa tatu asubuhi.

Kwa hiyo kitu ninachokitamani kuliko picha ya simu ni mtazamaji wa pili aliye mbali. Kati ya Kigamboni na Bagamoyo kuna kilomita 60 hivi kwa mstari ulionyooka. Kimondo kilicho kilomita 100 juu, kikitazamwa kutoka sehemu hizo mbili kwa sekunde ile ile, huonekana kimehama kati ya nyota kwa takriban nyuzi 30. Setilaiti ya kilomita 550 huhama nyuzi 6, ile ya mawasiliano sehemu moja ya kumi ya uzi, na mlipuko wa galaksi ya mbali hauhami kabisa. Watu wawili walioandika saa hadi sekunde, na wakataja mmweko ulikuwa karibu na nyota gani, wamenipa vipimo vya kutosha kukokotoa urefu, na urefu ukishajulikana, orodha ya vinavyowezekana hubaki na jina moja au mawili.