Je, kijiti cha chuma hupima sumu mwilini?

Wengi huamini ukishika kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, utajua kiasi cha madini ya risasi au zebaki mwilini. Kijiti hicho hakichukui sampuli yoyote. Madini ya risasi hupimwa kwenye damu. Mvuke wa zebaki anaovuta mchimbaji mdogo wa dhahabu hupimwa kwenye mkojo.

Kipimo cha risasi cha kubebeka kipo kweli: tone la damu ya kidole, majibu kwa takriban dakika 3. Ila kidole chenye vumbi la risasi hupandisha namba, hivyo majibu ya juu huthibitishwa kwa damu ya mshipa.

Inaniuma mzazi anaponunua dawa kwa kutegemea karatasi ya majibu ya kijiti. Uliza kwanza: mmepima sampuli gani? Kisha rudia kipimo cha kijiti ukitaja umri tofauti, ulinganishe majibu: yakibadilika, hayakutoka mwilini mwako.